Ua la Shaba

Tulipokuwa tukifundisha karibu na jiji la Lubumbashi, huko Kongo, tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la kutunga sentensi zenye kiambishi hu-, kionyeshacho jambo la mazoea. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Ua hili huota penye shaba." Upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa kamili. Hata hivyo tulipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo, tukaandika kando yake: "Haina maana." Tulijua kwamba shaba huchimbwa na kuyeyushwa, hatukujua kwamba lipo ua liifuatalo.

Kesho yake mtoto yule alikuja pamoja na babu yake. Mzee hakutulaumu. Alitusalimu kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, ukipata nafasi, twende ukalione."

Tulikwenda naye wakati mvua zilipokuwa zikielekea kukatika. Tulipita katika msitu wa miombo, na mara miti ikakoma. Mbele yetu palikuwa na kilima kitupu, kwa kuwa shaba ikizidi udongoni huwa sumu kwa mimea iliyo mingi. Lakini papo hapo paliota mimea mifupi yenye maua madogo ya rangi ya zambarau. Wanabotania huiita Haumaniastrum katangense, nayo ni ya jamii moja na mrehani na kivumbasi. Watafutaji wa madini wameifuata ili kutambua ardhi yenye shaba. Wanaakiolojia nao wameifuata hadi mahali palipokuwa na tanuri za kale, kwa sababu mabaki ya uyeyushaji yaliacha shaba udongoni. Katika nchi hiyo ya Katanga, mafundi wa zamani walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha.

Mtoto alichuma ua moja, akatutazama. "Mwalimu," akauliza, "ile sentensi bado ni kosa?"

Tulirudi shuleni, tukaomba daftari lake. Wino mwekundu haukufutika, basi tukaandika chini yake: "Ni sahihi. Aliyekosa ni mwalimu."

Walimu wenzetu, sarufi hutuwezesha kupima umbo la sentensi. Ukweli wake hupimwa kwa kuujua ulimwengu anaoishi mtoto, na pengine mtoto huyo ameuona kabla yetu. Kabla ya kuandika "Haina maana", yafaa tumwulize ameona nini, na wapi.

Tangu siku ile tumeona vilima kadhaa vya namna hiyo vikichimbwa, kwa maana shaba iliyolikuza ua ndiyo inayoleta mashine. Ua hili lina nafuu, kwani huweza kuota hata katika udongo uliofukuliwa. Lakini katika vilima hivyo imo mimea mingine ya shaba isiyopatikana popote duniani ila katika maeneo machache ya Katanga. Kilima kikiondoka, nayo huondoka. Siku moja huenda mwanafunzi akalazimika kuacha kiambishi hu- na kuandika kwamba ua fulani "lilikuwa likiota" penye shaba. Sentensi hiyo itakuwa sahihi kabisa, na hatutakuwa na wino wa kuibadilisha.