Kinda la sangara? Achana nalo!

Msomaji wangu, ukifika Mwanza usiishie kupiga picha kwenye Jiwe la Bismarck ukadhani umeliona ziwa. Amka alfajiri, nenda mwaloni mitumbwi ikirudi.

Mimi nilikwenda mwalo mmoja nje ya mji. Jamaa akaninong'oneza, "Kaka, ninao wadogo, bei poa." Sangara wenyewe hawazidi viganja viwili! Njaa inauma, mkono ukaingia mfukoni.

Mzee mmoja wa BMU, kile kikundi cha wavuvi na wachuuzi wanaolinda mwalo wao, akanitazama: "Mwanangu, huyo hajazaa hata mara moja." Nikarudisha hela. Aibu!

Sheria inakataza kuvua sangara chini ya sentimita 50. BMU hukagua ufukweni, na viwanda vya minofu havitakiwi kumpokea. Si mapenzi hayo, ni biashara. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Mvuvi na tajiri wa kiwanda wote wakaonja joto ya jiwe. Kumbe wako mtumbwi mmoja!

Sasa kinda likikataliwa kiwandani linakwenda wapi? Kikaangoni, mtaani kwetu. Hapo mlinzi ni wewe na mimi.

Waulize wazee habari za furu. Aina nyingi zilitoweka miaka ya 1980, sangara akiwa mlaji mkuu. Tukimmaliza na yeye akiwa mtoto, wanetu tutawasimulia nini?