Kalamu Nyekundu ya Bibi

Ndugu msomaji, wewe uliwahi kurudishiwa barua yako ikiwa imesahihishwa? Mimi nimerudishiwa. Bibi yangu mzaa mama alifundisha shule ya msingi kule Muheza, na hata baada ya kustaafu hakuiacha ile kalamu nyekundu. Nikiwa sekondari Dar nilimwandikia kuomba nauli. Nauli ikaja, pamoja na barua yangu mwenyewe: neno "sijawai" limezungushiwa duara, pembeni 6/10, na chini kaandika, "Mume wangu, njaa isikusahaulishe h." (Ndivyo alivyonitania toka nizaliwe.)

Washikaji bwenini walicheka mpaka basi. Mimi nilinuna.

Alikuwa kazini Azimio la Musoma lilipotoka 1974, kwamba kufika 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Darasa lake likafurika, watoto wakaingia kwa zamu, asubuhi na mchana. Akaletewa wasaidizi, vijana waliomaliza darasa la saba juzijuzi tu, wale walioitwa walimu wa UPE. Watu wakiwacheka, Bibi anawaka: "Kwani nani kazaliwa na cheti?" Na kwa kuwa Nyerere alishautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, jioni alibeba karabai kwenda kuwafundisha wakata mkonge kusoma na kuandika. Nyumbani watoto saba, watano wake, wawili wa marehemu dada yake. Mama anasema hajawahi kumwona amelala.

Mimi niliyemjua ni Bibi mstaafu. Pensheni ilikuwa kiduchu, tena ya kuzungushwa. Anakwenda mjini na bahasha ya vivuli vya vyeti, anaambiwa faili halionekani, njoo mwezi ujao. Hicho kilichopatikana ndicho kilicholipa ada yangu.

Na mimi, acha niseme ukweli, kidato cha tatu nilikula ada. Muhula mzima nilishinda kijiweni, Bibi akijua nipo darasani. Nilipofukuzwa hakunigombeza. Aliuza cherehani yake, akanitafutia shule nyingine, na wajomba hakuwaambia.

Ila barua zangu akaacha kuzisahihisha. Mwanzoni nilishukuru. Baadaye nikaanza kukosea makusudi. Niliandika "sijawai", nikaandika "asante" kwa z, nikangoja. Majibu yalikuja, salamu, habari za machungwa, habari za mvua. Wino wa bluu mtupu.

Alipofariki nilipewa kazi ya daftari la rambirambi: jina, anakotoka, kiasi. Watu walikuwa wengi, mwandiko ukawa wa mbiombio. Akafika mzee mmoja, viganja vigumu kama gome. Nikamuuliza jina. "Lete kalamu mwanangu, naandika mwenyewe." Akakaa kwenye mkeka. Herufi moja, anapumua, herufi nyingine. Nyuma foleni inaguna, yeye hana habari. Alipomaliza jina lake akapandisha kidole kwenye mstari wangu wa juu, pale nilipoandika "Mueza".

"Hapa h imekuruka. Mwalimu asingekubali hii."

Nikanyoosha mkono aniazime kalamu nirekebishe. Akasema ningoje kwanza, bado hajaandika kiasi.