Mkeka wa Kulala Kama Maiti

Mtoto wa kaka yangu amenikanyagia mkeka na raba zake. Ni Masaki, kwenye darasa la yoga alilonialika mwenyewe. Alifika robo saa baada ya kuanza, akakatiza katikati ya watu waliokwisha kufumba macho, akaweka unyayo pale pale ninapolaza uso, kisha akaniinamia: "Shikamoo, shangazi." Simu yake iliita mara mbili. Mwishoni, tulipolala chali kutulia, yeye alikuwa akikusanya vitu vyake. Zipu ya begi ikalia ukumbi mzima, akatoka. Nilipomkaripia nje, alishangaa kweli.

"Kwani yoga nayo ina adabu zake?"

Ukumbi wetu wa yoga, nilikojifunzia adabu hizo, ulikuwa Upanga, uani kwa nyumba ya ghorofa moja. Siku hizi pale pana mabati ya ujenzi na shimo. Nilikuwa tayari kuapa kwamba nilianza 1984, lakini nimekuta risiti ya ada ndani ya kitabu cha mapishi, imeandikwa Machi 1986, yaani Mzee Nyerere alikuwa ameshang'atuka urais na sabuni imeanza kurudi madukani. Mimi nakumbuka kuosha miguu bila sabuni. Basi, risiti ishike lake.

Mlangoni palikuwa na ndoo na kata. Mwalimu wetu, mzee wa Kihindi aliyestaafu ukarani, hakumwambia mtu aoshe miguu. Aliitazama miguu yako tu, kisha akaitazama ndoo. Viatu vilipangwa ukutani, na kuhusu mikeka hakuhitaji kutufundisha kitu. Sisi wa Pwani tulikuwa tumekuzwa juu yake: haukanyagwi na viatu, na mkeka wa mtu unazungukwa, haurukwi kama dimbwi.

Mkeka wangu niliununua Kariakoo, kwa mama mmoja aliyekaa juu ya bidhaa yake mwenyewe, mikeka ya ukindu kutoka Rufiji, mirefu, imekunjwa na kusimamishwa kama watoto waliopewa adhabu. Pale palinuka majani yaliyopigwa jua na rangi ya kuchemshia ukindu, ile nyekundu inayobaki vidoleni. Hakuuza kabla hajajua unaenda kufanyia nini. Wa kuswalia una upana wake, wa kulalia una wake, wa kuanikia mpunga hata hakuuita mkeka, aliuita jamvi. Nikamwambia nataka wa mazoezi. Mazoezi gani? Nikajaribu kumweleza: tunainama, tunajikunja, tunavuta pumzi, halafu mwisho tunalala chali bila kutikisika, kama maiti.

Aliurudisha mkeka aliokwisha kunikunjulia. "Mwanangu, huo hauchaguliwi na mwenyewe."

Ilinichukua nusu saa na chupa ya soda kumlainisha. Hatimaye alinipa wenye ukili mwembamba, akapitisha kidole gumba juu ya mshono mmoja mmoja, akakata kwa meno uzi uliochomoza. Akaniasa nisiuache juani ukishakauka, na nisimwazime mtu. La pili sikulitilia maanani mpaka nilipoanza kutokwa jasho juu yake.

Mkeka wa ukindu unateleza juu ya saruji, kwa hiyo tuliulowesha kidogo chini. Kitabu cha yoga cha Iyengar, kile cha 1966, mwalimu alikuwa nacho, jalada limeshatoka, na humo ndimo alimosoma kwamba mlo mzito unahitaji saa 4 kabla ya kuanza. Nilidhani ni maneno ya Wahindi wasiokula mihogo. Jioni moja nilipita kwa muuza mihogo ya kukaanga, na pilipili juu. Kwenye kuinama mara ya tatu nilijuta. Mwalimu alinisogelea na kunong'ona, "Leo kaa tu," na nikakaa, mbele ya watu thelathini wenye matumbo matupu.

Mlango ulifungwa saa kumi na moja kamili. Aliyechelewa alisubiri barazani hadi pumzi za mwanzo ziishe, kisha akaingia kwa kunyata. Mwenye mgongo mbovu au mwenye mimba alimweleza mwalimu pembeni, kabla. Mara moja nilitoka harusini moja kwa moja na kikuba cha asumini kichwani. Niliombwa kwa upole nikiache nje, kwa sababu pumzi tunavuta pamoja. Na ile maiti ya mwisho hakuna aliyeivunja. Mwenye haraka aliondoka kabla haijaanza.

Halafu mwalimu akafariki, watoto wake wakauza nyumba na kwenda Kanada. Ikaja mikeka ya mpira inayonata, ambayo inasemekana asili yake ni mpira wa kutandika chini ya zulia huko Ujerumani. Haitelezi, nakiri, na magoti yangu yanaipenda. Zikaja hoteli, fulana zenye maandishi, darasa la ufukweni lenye mpiga picha. Tangu 2015 kila tarehe 21 Juni ni siku ya dunia ya yoga, mamia wanajipanga uwanjani na simu mkononi. Wakati wa korona tulifundishwa kwenye kioo, na huko mtu akachelewa, akala na akalala bila kumuudhi yeyote. Nadhani mtoto wa kaka yangu alijifunzia huko.

Jumapili alikuja kuniomba radhi, na maandazi. Nilimtolea ule mkeka wa ukindu. Wekundu umefifia, ila katikati, palipolala mgongo miaka yote, majani yameng'aa kama yamepakwa mafuta. Aliupapasa, akaunusa, akakaa kimya kiasi cha kunipa matumaini.

"Shangazi, huu unafuliwa kwenye mashine?"