Risiti ya Rafiki

Kazi yangu ya kwanza ya kuchangisha ilikuwa kulowesha stempu. Mwaka 1994 niliajiriwa karani katika shirika dogo la Mombasa lililokuwa likiwalipia karo watoto wa sekondari. Wiki ya kwanza Bi Mhazini, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alinikabidhi kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, rundo la kadi za mchango, na kisahani cha maji chenye sifongo. Akanipa na sharti. "Mwanangu, mtu akitoa hata shilingi kumi hapa, lazima apate risiti na neno la asante kabla ya mwezi kwisha. Likikushinda hilo, mengine usijisumbue nayo."

Vifaa vimebadilika mpaka nimechoka kuvihesabu. Sharti lile bado ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa wasioikumbuka, kadi ya mchango ilikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa mara moja. Juu ilikuwa na jina la shirika, muhuri na namba ya kadi. Ndani mlikuwa na mistari: jina, kiasi, sahihi. Mwanakamati alichukua kadi yake akaizungusha Marikiti, Kongowea, bandarini au kwenye harusi za jamaa zake, na baada ya mwezi akairudisha na pesa zimefungwa kwa mpira. Nyingine hazikurudi kabisa, na mwenyewe ukikutana naye kivukoni Likoni aligeuka kutazama maji. Zilizorudi nilizisoma kama barua. Kinyozi, 20. Mama Salma wa samaki, 50. Na katika karibu kila kadi palikuwa na mtu mmoja au wawili walioandikwa "Rafiki", kwa sababu hawakutaka mkono wa kushoto ujue wa kulia umetoa nini.

Nilimuuliza Bi Mhazini, huyu Rafiki namshukuruje? Akanijibu bila kuinua macho: "Mwandikie risiti, uibakize kitabuni. Akija siku yoyote ataikuta."

Pesa nyingi, lakini, hazikutoka kwenye kadi. Zilitoka kwenye harambee yenyewe, na hapo ndipo nilipojifunza kuichukia kazi yangu kidogo. Neno hilo Mzee Kenyatta alilifanya la taifa zima mwaka 1963, na shule nyingi za nchi hii zimesimama kwa jasho lake. Sikatai. Ila harambee niliyoikuta mimi miaka ya 90 ilikuwa na kipaza sauti, hema la wageni wa heshima, na mheshimiwa aliyesimama akasema "mimi na marafiki zangu" huku akipunga bahasha. Waliofuata walipangwa kwa uzito wa mfuko. Jogoo alinadiwa, mkungu wa ndizi ukanadiwa, ahadi zikasomwa, watu wakapiga makofi. Mwisho kabisa, jua likishuka, lilipitishwa kapu kwa "wananchi". Kina mama waliotembea kutoka Majengo waliweka noti zilizokunjwakunjwa, na kipaza sauti wakati huo kilikuwa kimeshazimwa.

Nami ndiye niliyekuwa nikifuatilia ahadi. Nilikwenda ofisi moja mara nne kwa ajili ya ahadi ya shilingi 10,000, na mara ya tano nikapewa hundi iliyorudishwa na benki. Mwaka 2003 Bunge lilipopitisha Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, iliyowakataza waheshimiwa kutumia vyeo vyao kuwashinikiza watu wachange, wenzangu waliomboleza. Mimi nilipumua, ingawa muhula uliofuata tulikosa karo ya watoto kadhaa na nikaona haya kupumua kwangu.

Kabla ya hapo ilikuwa imeshaingia kompyuta. Tuliipata mwaka 1999, imetumika, kubwa kama friji ndogo, zawadi ya kanisa moja la Ujerumani lililokuwa likitusaidia. Niliingiza majina yote ya wafadhili kwenye Excel, mwezi mzima, kutoka kwenye vitabu vya risiti. Halafu kijana mmoja akanionyesha jinsi ya kuunganisha orodha na barua, mashine ikajaza yenyewe jina na kiasi cha kila mtu. Barua zilizokuwa zikinichukua wiki tatu kwa taipureta zilitoka kwa alasiri moja. Nilijiona bingwa.

Siku hiyohiyo ya ubingwa niliamua majina yapangwe kwa alfabeti. Nikaibonyeza safu ya majina, nikaipanga. Safu ya kiasi ikabaki palepale ilipokuwa. Barua 312 zikachapwa, zikatiwa bahasha, nikazipeleka mwenyewe Posta ya Digo Road, na kila mtu akashukuriwa kwa mchango wa mwenzake.

Wa kwanza kuja alikuwa mama muuza mahamri. Alitoa 100. Barua yetu ilimshukuru kwa 20,000. Aliitoa kwenye pindo la kanga, imekunjwa mara nane, akaiweka juu ya meza kwa adabu kama mtu aliyefika mbele ya hakimu. "Mwanangu, mimi hizi sikuahidi. Naomba mnifute." Alidhani tumeanza kumdai. Alikuwa ameshazoea harambee, anajua ahadi hufuatwa hadi mlangoni. Mwenye 20,000 zake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yeye hakuja. Aliirudisha barua iliyomshukuru kwa 100 ndani ya bahasha yetu wenyewe, bila neno, na hakutoa tena kwa miaka miwili.

Bi Mhazini hakunigombeza. Alinipa kitabu cha risiti na nauli ya matatu. "Nenda ukawaone." Wa mbali niliwaandikia kwa mkono, wa kisiwani na Likoni nikawafuata mwenyewe, na ilinichukua zaidi ya mwezi. Nilitegemea kutukanwa. Nilitukanwa mara mbili tu. Wengi waliobaki hata hesabu hawakutaka kuisikia. Walichouliza ni habari za mtoto waliyemchangia. Alipita? Yuko kidato cha ngapi? Yule aliyekuwa na tatizo la mguu, anaweza kupanda ngazi za shule? Nilirudi ofisini nikaongeza safu mpya kwenye Excel, nikaiita "Aliuliza nini". Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona programu, ya bure wala ya kununua, iliyotuletea faida kama safu ile moja. Mtu alipoandikiwa tena, barua ilianza na jibu la swali lake.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika hapahapa Mombasa, SEACOM na TEAMS, na ripoti ya watoto niliyokuwa nikiituma Ujerumani kwa jioni nzima ya modemu kulia ikawa inaondoka kabla chai haijapoa. Hilo lilitusaidia, ila halikutugeuza. Kilichotugeuza kilikuwa kimeshatangulia, kwenye simu.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Sisi tulianza kuipokea vibaya, kama mashirika mengi madogo: watu walituma kwenye laini ya Bi Mhazini mwenyewe. Kila jioni alikaa na miwani yake, anasoma jumbe moja moja, nami nanakili kitabuni. Simu yake ilijaa jumbe, ikabidi afute ili nyingine ziingie, na jumbe alizofuta ndizo mkaguzi wa hesabu alizozitaka. Nusura atuandikie ripoti ya kutufunga. Pesa za watoto zilikuwa zimekaa laini moja na pesa zake za mkaa.

Kisha ukaja ukame wa 2011. Kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyobebwa na Msalaba Mwekundu, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari, iliomba shilingi milioni 500 katika wiki nne, na lengo likavukwa. Watu wa kawaida walitoa wakiwa wamekaa kwenye matatu. Mimi nilitazama habari ile nikiwa na kadi mkononi, mojawapo ya zile zilizorudi bila pesa zote, nikajua kadi imekufa. Mwaka uliofuata tulipata namba yetu ya Paybill, ya shirika lenyewe kupokea michango ya M-Pesa.

Sijui nieleze vipi raha ya miaka ile. Taarifa ya Paybill ilikuja na jina kamili, namba ya simu, kiasi na saa. Kila mtu alikuwa na jina, hata wa shilingi 20. Niliweza kumtumia mtu asante kabla hajaiweka simu mfukoni. Na wale wa kapu la jioni, waliokuwa wakizimiwa kipaza sauti, ndio walioibeba bajeti yetu. Kulikuwa na namba iliyotuma shilingi 50 kila Ijumaa, usiku wa manane. Nilipoipiga, alikuwa dada anayefanya kazi za nyumba Nyali. Hutuma akimaliza vyombo. Aliniuliza swali lake, nikaliandika kwenye safu.

Raha hiyo ilikuwa na upande wake mbaya, na ni haki niuseme. Karibu na uchaguzi wa 2013 kijana wa kampeni alikuja ofisini akiwa na soda mbili, akataka tumuuzie orodha ya namba. Nilikataa. Lakini niliitazama ile faili, maelfu ya namba za watu walioniamini, haina hata neno la siri, iko kwenye kompyuta ambayo mtoto wa jirani huchezea michezo. Nilikuwa mlinzi wa hazina na mlango sijaufunga.

WhatsApp nayo ikatuletea makundi. Mwaka 2014 kundi lilikuwa na mwisho wa watu 100, mwaka 2016 likawa 256, siku hizi ni 1,024. Kamati iliyokuwa ikikutana mara moja kwa mwezi ikawa inakutana saa zote, na saa zote maana yake hata saa tisa usiku. Hapo ndipo ilipozuka ile orodha mnayoijua: namba moja fulani 5,000, namba mbili fulani 2,000, nakili, ongeza jina lako, bandika tena. Watu wawili wakibandika kwa pamoja, jina la mmoja linapotea, na aliyepotea huanza kuuliza kama pesa zake zimeliwa. Na kuna aliyekuwa amejitengea 200, akiona waliomtangulia hutoka kundini kimya kimya. "Ametoka." Nililisoma neno hilo kama mara tatu katika asubuhi moja nikaelewa tumekirudisha kipaza sauti, tena mara hii tumekiingiza chumbani mwa mtu. Orodha nimeipiga marufuku katika makundi yetu. Wapo wanaonilaumu kwamba michango imepungua kwa sababu watu hawasukumwi. Wana haki kwenye hesabu. Mimi sibadilishi.

Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data. Miaka michache baadaye taarifa za Paybill zikaanza kuja na namba zilizofichwa kwa nyota katikati, na jina la kwanza peke yake. Wenzangu vijana walipandwa na hasira; wangemjuaje mfadhili? Nilikumbuka zile soda mbili, nikanyamaza. Nakiri ilikuwa haki. Lakini sharti la Bi Mhazini halikufutwa na sheria yoyote, na sasa nina Fatuma kumi na wanne kwa siku moja, wote wenye nyota, na mmoja wao kwa hakika ananingoja nimwambie kama mtoto alipita.

Binti tunayefanya naye kazi sasa ana programu ya akili unde inayoandika barua ya shukrani kwa sekunde chache, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nilisoma moja. Ilimsifu mfadhili kwa ukarimu wake usio na kifani. Nilimuuliza binti, huyu aliuliza nini? Akaifungua safu. Ilikuwa tupu, kwa sababu hakuna aliyempigia.

Basi kila Jumatatu sasa tunajaza safu ile kwa njia tuliyobakiwa nayo. Kwenye ujumbe wa kuomba mchango tunaweka namba ya ofisi na kumwomba mtu apige akitaka kuuliza habari za mtoto. Wanapiga wachache, kama wanane au tisa kwa wiki, na hao nawaandika. Bi Mhazini alistaafu zamani. Hunipigia Ramadhani kuniuliza kama vitabu vyake vya risiti bado vipo. Vipo, na risiti za Rafiki zimo ndani, hazijachukuliwa.

Nawe ukituma mchango, kwetu au kwingine kokote, usiandike "karo" wala "1" pale simu inapokuuliza namba ya akaunti. Andika jina lako na jina la mtaa wako. Na kama hutaki ujulikane, andika Rafiki, utaandikiwa risiti.