Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Endulen nikamkuta mdogo wangu na wenzake wanne uani, katikati ya vyuma chakavu. Walikuwa wameanzisha klabu ya kuunda baiskeli: usukani mrefu, kiti cha mbao, shanga za mama kwenye spoki. Breki hakuna; walisimama kwa kuburuza makatambuga. Mmoja goti lilikuwa likivuja damu.

Mimi mwandishi wa afya nikataka kuwapiga marufuku. Mama akanizuia: “Mwanangu, ukiwafukuza hapa wataendeshea makorongoni, usiwaone.”

Nikawasimulia habari za Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha aliyebuni chaja ya simu inayotumia baiskeli. Kisha nikawanunulia breki.

Jumapili mdogo wangu alimrudisha mwenzake getini: rangi inang'aa, breki hazishiki.

Wazazi, tuwape ua, na sharti moja.