KIMYA CHA MTOTO SI ADABU SIKU ZOTE

Mtoto asiyesumbua husifiwa kila mahali. Akiingia mgeni, hupiga magoti, husalimu kwa sauti ndogo na kuondoka. Darasani jina lake halimo katika orodha ya wapiga kelele. Wazazi hushukuru, mwalimu huandika katika ripoti ya mwisho wa muhula kwamba tabia yake ni njema, na jambo hilo huishia hapo. Ni wachache wanaojiuliza iwapo mtoto huyo amenyamaza kwa kuwa amefunzwa vyema, au amenyamaza kwa kuwa anaogopa.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika wilaya ya Nchelenge, iliyo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, mkoani Luapula, nchini Zambia. Huko, kama ilivyo kwingi katika Afrika, heshima ya mtoto mbele ya wakubwa hupimwa kwa utulivu wake. Lugha ya Kibemba, inayosemwa na watu wengi wa mwambao huo, ina neno "insoni", ambalo ni ndugu wa neno la Kiswahili "soni". Maneno yote mawili hubeba haya inayompamba mtu pamoja na aibu inayomfunga. Lugha zimeyaweka mambo hayo mawili katika chungu kimoja. Mzazi na mwalimu hawana budi kuyatenganisha.

Kimya cha aina tatu

Kimya cha kwanza ni kile cha adabu. Mtoto mwenye kimya hiki hunyamaza mbele ya babu yake, lakini akiwa ufukoni na wenzake, wakati chisense, yaani dagaa wa ziwa hilo, wakianikwa juani, husikika akicheka, akibishana na hata kuwaamuru wenziwe. Kimya chake kina mahali pake na wakati wake. Hakihitaji dawa yoyote.

Kimya cha pili ni cha lugha. Kuanzia Agosti 2017, maelfu ya Wakongo walivuka mpaka na kuingia Nchelenge wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na mwanzoni mwa 2018 serikali ya Zambia, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilifungua makazi ya Mantapala katika wilaya hiyohiyo. Wengi wa watoto waliofika walikuwa wakisema Kiswahili, na waliokwisha kusoma walikuwa wamezoea Kifaransa shuleni. Huku walikuta Kibemba uwanjani na Kiingereza ubaoni. Mtoto wa namna hiyo aweza kukaa miezi kadhaa akisikiliza tu bila kutamka neno. Lakini akikutana na mtu wa lugha yake, ulimi hufunguka papo hapo. Huyo si mgonjwa wala si mwoga. Anahitaji muda, rafiki wa kukaa naye dawati moja, na mwalimu asiyemcheka anapokosea.

Kimya cha tatu ndicho cha hofu. Mtoto anaijua lugha, na aghalabu analijua jibu pia, bali hathubutu kulitoa. Anapohisi kwamba zamu yake inakaribia, moyo humwenda mbio, viganja hutoka jasho na koo hukauka. Asubuhi ya siku ya kusoma kwa sauti hulalamika kwamba tumbo linamuuma, na mchana, shule ikiisha, tumbo hupoa. Haogopi kupigwa. Anachoogopa ni kutazamwa, kuchekwa na kuonekana mjinga. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani kiliiingiza hofu hii katika mwongozo wake wa magonjwa kwa jina lake lenyewe. Aghalabu huanza utotoni au mwanzoni mwa ujana, na isiposhughulikiwa huweza kumfuata mtu hata ukubwani.

Hofu inavyojilisha

Ili kumsaidia mtoto huyu, yafaa kwanza kuelewa jinsi hofu yake inavyoishi. Inaanza na wazo: "Nikisema, watanicheka." Wazo hilo huleta mwili kutetemeka, na mtetemeko huo mtoto huuchukua kuwa ushahidi kwamba wazo ni kweli. Basi huinamisha kichwa, hujificha nyuma ya mwenzake, au hukaa nyumbani. Mara tu anapokwepa, moyo hutulia. Utulivu huo ni mtamu, nao ndio chakula cha hofu. Kwani siku ya pili atakwepa mapema zaidi, na hatapata kamwe nafasi ya kuona kwamba huenda wasingemcheka.

Hatari ya mambo haya si ndogo. Ada za shule zilipofutwa nchini Zambia hadi sekondari mwaka 2022, watoto wengi walipata nafasi ya kusoma, na hilo ni jema. Lakini katika darasa lililojaa, mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja, na mtoto mwenye hofu hujificha kwa urahisi. Hauliza asichokielewa, na wahenga walikwisha kusema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na mvulana anayetafuta mahali pa kujificha haendi mbali. Ziwa li karibu, mitumbwi i karibu, na kila mwaka mwanzoni mwa Machi, marufuku ya uvuvi ya miezi 3 inapokwisha, kazi za mikono haziadimiki. Msichana naye hubaki jikoni, akasifiwa kwa uchapakazi. Jamii huamini kwamba watoto hao hawakupenda shule, kumbe walishindwa kustahimili macho ya watu.

Mazoezi ya kompyuta

Katika nchi zenye kompyuta nyingi, wataalamu wa saikolojia wamejaribu kuitibu hofu hii kwa mazoezi ya fikra yanayofanywa kwenye intaneti. Mazoezi hayo ni ya namna mbili, na kuna faida kubwa kuzitofautisha.

Namna ya kwanza yafanana na mchezo. Kwenye kioo hutokea nyuso mbili, mmoja wa hasira na mwingine mtulivu. Baada ya kitambo kidogo nyuso hutoweka na kitone hutokea mahali pa mmojawapo, naye mtoto hubonyeza kitufe upesi. Kipimo cha namna hiyo kilielezwa mwaka 1986 na Colin MacLeod na wenzake, waliotaka kuonyesha kwamba macho ya mtu mwenye wasiwasi hukimbilia jambo la kutisha. Baadaye kipimo kiligeuzwa kuwa zoezi: kitone kiliwekwa kila mara palipokuwa na uso mtulivu, ili macho yazoee kuutafuta. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini mwaka 2015, watafiti walipokusanya majaribio yaliyofanywa kwa watoto na vijana, waliona kwamba mazoezi ya aina hii yaliweza kubadili kidogo mazoea ya macho na fikra, ila hayakupunguza wasiwasi wenyewe kwa kiasi cha kutegemewa.

Namna ya pili haina mchezo. Mtoto hufundishwa kulitambua wazo lake, kulitilia shaka, kisha kwenda kulijaribu kwa vitendo hatua kwa hatua, huku mtaalamu akimfuatilia na wazazi wakipewa masomo yao. Mjini Stockholm, nchini Sweden, jaribio la namna hiyo lilifanywa kwa watoto na vijana 103 wenye umri wa miaka 10 hadi 17, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Kundi moja lilifundishwa kwa majuma 10 kuikabili hofu. Kundi la pili lilipewa mazungumzo ya kutiwa moyo kwa intaneti vilevile. Makundi yote yalitumia mashine, na yote yalikuwa na mtaalamu upande wa pili. Hata hivyo lile lililofundishwa kuikabili hofu ndilo lililopata nafuu zaidi.

Fundisho linalopatikana hapa ni wazi. Kilicholeta tofauti si kioo wala nyaya, bali ni mtoto kuliendea jambo analoliogopa akiwa na mtu mzima anayemwelekeza. Hili ni jambo la faraja kwa mwambao wa Mweru, ambako umeme na mtandao si vitu vya kila nyumba, na ambako Hospitali ya Chainama Hills ya magonjwa ya akili iko Lusaka, safari ya kama kilomita 1,000. Mwenye simu na mtandao aweza kuvitumia kujifunza na kuomba ushauri. Asiye navyo hajanyimwa dawa yenyewe.

Tena Afrika inao mfano wake. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za huzuni na wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 22 waliopewa mafunzo mafupi. Baada ya vikao 4 tu, dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Namna ya kuanza nyumbani na shuleni

Mtoto wa mvuvi hafundishwi kupiga kasia katikati ya ziwa. Huanzia penye kina kifupi, karibu na matete, akaongeza umbali siku kwa siku. Mtoto mwenye hofu naye afundishwe vivyo hivyo.

Kwanza, mzazi aketi naye wapange ngazi ya mambo yanayomtisha, kuanzia jepesi hadi zito. Mathalani: kumsalimu jirani kwa sauti inayosikika, kwenda dukani kununua chumvi, kuuliza bei ya samaki katika soko la Kashikishi, kumsomea rafiki mmoja ukurasa mmoja, kupeleka ujumbe kwa mwalimu wa darasa jingine, kujibu swali moja darasani. Ngazi ya juu isipandwe kabla ile ya chini haijazoeleka.

Pili, kabla ya kila hatua, mtoto aulizwe, "Wadhani itakuwaje?" Ajibu kwa uwazi: "Muuzaji atanikaripia." Akirudi, aulizwe, "Imekuwaje?" Majibu yote mawili yaandikwe katika daftari. Baada ya majuma machache daftari hilo litamwonyesha, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni mara ngapi hofu ilimdanganya. Ikitokea kwamba kweli alikaripiwa, basi azungumze na mzazi jinsi alivyostahimili, kwani kustahimili nako ni ushindi.

Tatu, mama asimjibie mtoto anapoulizwa na wageni. Asubiri kidogo, hata kama ukimya unachoma. Kila anayemjibia humthibitishia kwamba hawezi.

Nne, mwalimu awape wanafunzi nafasi ya kujibiana wawili wawili kabla ya kujibu mbele ya darasa zima. Mtoto aliyekwisha kumwambia mwenzake jibu huliona si zito tena. Njia hii haigharimu hata chaki, na humfaa mtoto mwenye kimya cha hofu sawasawa na mwenzake wa Mantapala anayetafuta maneno.

Mambo ya kuepuka

Kumlazimisha mtoto kuimba mbele ya wageni kwa ghafla si kumtibu, bali ni kumtosa ziwani. Kumwita "bubu" au "mwoga" mbele ya ndugu zake ni kumvisha jina atakaloliishi. Fimbo nayo haina nafasi. Sheria ya Elimu ya Zambia ya 2011 ilikwisha kuipiga marufuku shuleni, na mtoto anayetetemeka kwa hofu haponi kwa kuongezewa hofu nyingine. Wala haifai kumwacha tu kwa matumaini kwamba atakua aache. Wapo wanaoacha, lakini wapo wengi wanaozeeka nayo.

Yapo pia mambo yanayopita uwezo wa nyumba. Mtoto anayekataa shule kwa majuma mengi, asiyekula, asiyelala, au anayesema hana haja ya kuishi, apelekwe kwa mganga bila kukawia. Kashikishi ipo Hospitali ya Misheni ya St. Paul's. Mtoto aliyeshuhudia vita huenda kimya chake ni cha jeraha, nacho hutaka uangalizi wake. Mjini Lusaka, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto waliopatwa na misiba mikubwa walinufaika kwa mafunzo ya fikra yaliyotolewa na washauri wa kawaida, wasio madaktari, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Watoto 257 walishiriki, wadogo wao wakiwa na miaka 5 tu.

Wabemba husema kwamba mtoto asiyetembea hudhani hakuna apikaye kama mama yake. Mtoto mwenye hofu ni msafiri ambaye hajaondoka mlangoni. Kesho atahitaji kumweleza muuguzi mahali panapomuuma, kumdai mnunuzi bei ya haki ya samaki wake, na kumkatalia kwa sauti mtu mwenye nia mbaya. Sauti ya namna hiyo hujengwa kidogo kidogo, kwa salamu ya jirani na pakiti ya chumvi, na wenye kazi ya kuijenga ni wale wanaokaa naye kila siku.