Ukiona Vyaelea: Bethany McLean na Hesabu za Enron

Ukiona vyaelea vimeundwa, hunena Waswahili, na aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu fundi na jasho lake. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo methali hiyohiyo hugeuka kuwa swali: vimeundwa kwa mbao zipi, na mbona fundi hapendi mtu achungulie chini ya ngalawa? Mwanzoni mwa mwaka wa 2001, kampuni ya nishati ya Enron, yenye makao makuu mjini Houston katika jimbo la Texas, ilikuwa ikielea kwa madaha. Hisa yake moja iliuzwa kwa takriban dola 80. Mapato iliyoyatangaza kwa mwaka wa 2000 yalizidi dola bilioni 100. Jarida mashuhuri la biashara, Fortune, lilikuwa limeitaja kuwa kampuni bunifu kuliko zote nchini Marekani mara sita mfululizo. Katika jarida lilo hilo, toleo la Machi mwaka huo, ndimo mwandishi wa umri wa miaka 30 alimouliza jambo ambalo mtoto wa muuza duka angeliuliza: kampuni hii hupataje pesa zake?

Bethany McLean alizaliwa mwaka wa 1970 katika mji mdogo wa Hibbing, jimboni Minnesota. Katika Chuo cha Williams alisomea Hisabati na Kiingereza. Mseto huu huenda ukamshangaza yeyote aliyezoea kuwaona wanahesabu na wanafasihi wakipishana ukumbini bila kusalimiana, lakini ndio uliomfaa baadaye. Alifanya kazi kama mchanganuzi katika benki ya Goldman Sachs, kisha mwaka wa 1995 akajiunga na Fortune. Hakuanza kwa kuandika makala yenye jina lake. Alianza kwa kuhakiki yaliyoandikwa na wenzake: majina, tarehe, takwimu, nani alisema nini. Ni kazi isiyo na sifa, nayo humfundisha mtu kuishuku sentensi iliyonyooka mno.

Habari za Enron hazikumjia kwa ndoto. Aliyemdokezea kwamba hesabu za kampuni hiyo zilistahili kusomwa upya ni Jim Chanos, mwekezaji ambaye riziki yake hutokana na kuuza hisa za kuazima, kwa matumaini ya kuzinunua baadaye kwa bei ya chini na kubaki na tofauti. Kwa maneno mengine, mdokezi alikuwa na masilahi: Enron ikianguka, yeye angevuna. Hapa ndipo uaminifu wa mwanahabari wa fedha hupimwa kwelikweli. Wapo wanaodai kuwa habari itokayo kwa mwenye masilahi ni ya kutupwa. Hoja hiyo haina mashiko. Katika masoko ya fedha hakuna asiye na masilahi. Wakurugenzi wa Enron walimiliki hisa za Enron, na benki ambazo wachanganuzi wake waliwahimiza watu kuzinunua hisa hizo zililipwa ada na kampuni iyo hiyo. Swali la maana ni kama jambo linaweza kuthibitishwa pasipo kumtegemea aliyelisema. McLean hakuandika kwamba fulani kasema. Alizichukua taarifa za fedha ambazo Enron yenyewe iliziwasilisha serikalini, akazisoma.

Alichokiona ni faida iliyopanda ilhali fedha taslimu zilizoingia kutokana na shughuli za kampuni zilikuwa haba, na madeni yakiongezeka. Siri moja ilikuwa katika kanuni za uhasibu. Enron iliruhusiwa kutia sahihi mkataba wa miaka mingi na kuiandika vitabuni, siku iyo hiyo, faida iliyokadiria kuipata katika miaka yote hiyo. Ni kama mkulima ahesabuye mavuno ya misimu kumi ijayo siku anapopanda, kisha akaenda kukopa kwa hesabu hiyo. Ikumbukwe kwamba McLean hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Jonathan Weil alikuwa ameliandikia mnamo Septemba 2000 katika toleo la Texas la The Wall Street Journal, na wengi hawakumsikiliza.

Mwandishi alipompigia simu Jeffrey Skilling, aliyekuwa ameshika usukani wa kampuni, alijibiwa kwa ukali kwamba kuuliza maswali bila ya kujiandaa ni kukosa maadili, kisha simu ikakatwa. Baada ya hapo wakubwa watatu, akiwemo Andrew Fastow aliyesimamia fedha, walisafiri hadi New York kumfafanulia. Kenneth Lay, mwenyekiti, alimpigia simu mhariri wa jarida kulalamika. Mhariri hakuiondoa makala. Fastow, kwa simulizi ya McLean, alipokuwa akiondoka alimwomba asimchafulie jina yeye binafsi. Kuhusu kampuni aandike apendavyo.

Makala yenyewe ilikuwa ya upole. Haikutaja wizi wala udanganyifu. Iliuliza tu iwapo bei ya hisa ilizidi thamani, na kuonyesha kuwa hata waliozisifu hawakuweza kueleza jinsi faida ilivyopatikana. Mnamo Desemba 2, 2001, Enron iliwasilisha ombi la kufilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi pamoja na akiba ya uzeeni iliyokuwa imewekwa katika hisa za mwajiri wao.

Tangu hapo McLean amesifiwa kama mtabiri, sifa ambayo yeye mwenyewe ameipunguza. Katika taarifa zilezile alikuwa ameona rejeleo fupi la ubia ulioongozwa na afisa mkuu wa fedha, yaani Fastow, na kufanya biashara na kampuni aliyoitumikia. Hakulitia katika makala. Wakaguzi wa hesabu na bodi walikuwa wameuidhinisha ubia huo, akadhani kwamba ni yeye asiyeelewa. Ubia huo ndio uliokuwa kiini cha kashfa, na waliouanika mnamo Oktoba 2001 ni Rebecca Smith na John Emshwiller wa The Wall Street Journal. Kwa hiyo makala iliyompa jina ilikuwa sahihi katika yote iliyoyasema na pungufu katika lililo kubwa. Kilichomfanya afyate ulimi si hongo wala vitisho. Ni mihuri ya wakubwa wenye vyeo, na huo ni mtego ambao hata mwanafunzi anayehakiki kazi ya mwandishi mwenye jina kubwa anaufahamu.

Pamoja na Peter Elkind aliandika kitabu The Smartest Guys in the Room mwaka wa 2003, na pamoja na Joe Nocera kingine mwaka wa 2010 kuhusu msukosuko wa kifedha wa 2008. Mwaka wa 2018, katika Saudi America, alitilia shaka uwezo wa kampuni za mafuta na gesi ya miamba za Marekani kuishi bila mikopo. Chesapeake Energy, mojawapo ya alizozichambua, iliomba kufilisika mnamo Juni 2020. Uzalishaji wa mafuta wa Marekani, kwa upande wake, ulivunja rekodi mwaka wa 2023.